Huduma ya rufaa za mgao wa maziwa katika ushirika wetu: tathmini ya mwanachama

Tarehe 1 Mei 2024, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, karani wa kituo chetu cha maziwa alipima mkebe wangu kama kawaida, akachovya kipima maziwa, akajaribu matone machache kwa alkoholi na kuona hayakuganda, kisha akamimina lita 11 kwenye mkebe wa ushirika na kunirudishia yaliyobaki. "Mama, kadi yako inasema 11," aliniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeleta habari za msiba. Nyuma yangu palikuwa na foleni ya watu ishirini hivi, na wengi wao walirudi nyumbani siku hiyo na maziwa mkononi, wakati mvua za masika zilikuwa bado zinanyesha na nyasi zimefika magotini.

Huo ndio ulikuwa mwanzo wa mgao, yaani kikomo cha lita kwa kila mwanachama, katika ushirika wetu, na huduma ninayoitathmini hapa ni ile inayopaswa kumsaidia mwanachama aliyeumizwa na mgao huo: kupokea, kuchunguza na kuamua maombi ya kuongezewa lita. Nimeitumia mara mbili mwaka 2024 na mara moja mwaka 2025. Ushirika wenyewe sitautaja, na kiwanda kinachonunua maziwa yetu sitakitaja pia. Nitasema tu kwamba tuko nyanda za juu za Kenya, kwamba wanachama wanaopeleka maziwa kila siku ni kama 700, na kwamba wengi wetu tuna ng'ombe wawili au watatu kwenye zizi la nyuma ya nyumba. Kwa jumla huduma hii naipa nyota tatu kati ya tano. Mwishoni mwa Mei 2024 ningeipa moja.

Ili msomaji aelewe rufaa ilihusu nini, lazima kwanza aelewe mgao ulivyopangwa. Kiwanda kiliuarifu ushirika kwamba maghala yamejaa na kwamba kuanzia Mei kitapokea lita 6,000 tu kwa siku, wakati sisi tulikuwa tunakaribia 9,000. Halmashauri ya ushirika ikatenga asilimia 5 ya kiasi hicho, yaani lita 300, kuwa akiba ya kuwasaidia watakaokata rufaa, na zilizobaki ikazigawa kwa wanachama kwa kuangalia wastani wa maziwa ambayo kila mmoja alipeleka katika miezi miwili ya Februari na Machi. Kwa karatasi mpango huo ulionekana wa haki, kwa kuwa haukumpendelea mtu kwa jina, na kila mmoja alikuwa na stakabadhi zake za kuthibitisha.

Kasoro yake ilikuwa katika miezi iliyochaguliwa. Mimi nina ng'ombe watatu, machotara wa Friesian, na Februari ile wawili kati yao walikuwa wamekaushwa, yaani wameachwa kukamuliwa, wakisubiri kuzaa, mmoja mwishoni mwa Machi na mwingine katikati ya Aprili. Niliwakausha siku 60 kabla ya kuzaa kama nilivyofundishwa, na aliyenifundisha ni mtaalamu wa mifugo wa ushirika huu huu, katika semina iliyofanyika kwenye ukumbi wa ushirika huu huu, kwa sababu kiwele kisipopumzishwa ng'ombe hutoa maziwa machache katika uzao unaofuata. Jirani ambaye hakuhudhuria semina ile aliendelea kukamua mpaka wiki chache kabla ya kuzaa, na akapata mgao mkubwa kuliko wangu. Kufikia Mei ng'ombe wangu walikuwa wanatoa lita 38 kwa siku: mmoja 17, mwingine 15, na yule wa tatu, aliyekuwa anaelekea kukauka, 6. Nikiwatolea ndama wawili lita 8 na nyumba lita 1, zilibaki lita 29 za kuuza, na mgao wangu ulikuwa 11.

Nilipeleka rufaa yangu ya kwanza Jumatatu ya tarehe 6 Mei. Fomu ilikuwa ya bure, jambo ninalolisifu kwa moyo wote, maana najua vyama ambavyo mwanachama hulipia kila karatasi anayoigusa. Ilikuwa na ukurasa mmoja, nayo iliuliza jina, namba ya uanachama, mgao wa sasa, mgao unaoombwa, na sababu, ambayo ilitengewa mistari mitatu. Katika mistari hiyo mitatu nilijaribu kueleza habari ya kukausha ng'ombe, nikaambatisha nakala ya kadi za uhimilishaji zinazoonyesha tarehe ambazo ng'ombe wale walipandishwa. Karani wa dirishani alizipokea karatasi, akazitia kwenye boksi. Nilipoomba stakabadhi ya kuonyesha kwamba nimezileta, aliniambia kwa upole kwamba hakuna utaratibu wa stakabadhi. Sikuwa na neno la kumlaumu, kwa sababu si yeye aliyeupanga utaratibu, lakini nilitoka pale bila kitu chochote mkononi cha kuthibitisha kwamba nimelalamika.

Jibu lilikuja baada ya siku 25, tarehe 31 Mei, kwa ujumbe mfupi wa simu wenye maneno matatu: "Ombi lako limekataliwa." Haukusema aliyeamua ni nani, wala kwa kanuni gani, wala kama kuna mahali pengine pa kwenda. Nilipiga simu ofisini nikaambiwa nisubiri mkutano. Katika foleni ya asubuhi tulianza kuulizana nani amepewa na nani amenyimwa, na kwa kuwa ofisi haikutoa orodha wala sababu, kila aliyepewa alitazamwa kwa jicho la shaka, hata kama alistahili.

Nizungumzie gharama ya siku hizo 25, maana ndipo uzito wa huduma hii ulipo. Ushirika ulikuwa unalipa shilingi 45 kwa lita. Mchuuzi anayepita na pikipiki, ambaye wakati wa kiangazi hutubembeleza, alikuwa anatoa 28, na alijua vizuri kwamba hatuna pa kwenda. Tofauti ya shilingi 17 kwa lita 18 zilizozidi ni shilingi 306 kwa siku, na kwa mwezi wa siku 30 ni shilingi 9,180. Hiyo ni hesabu ya siku ambazo mchuuzi alifika. Siku ambazo barabara ilikuwa tope na hakufika, niligandisha mala, nikawapa ndama zaidi ya walivyohitaji, na mara mbili nilimwaga. Kituo kilikuwa kimefunga mapokezi ya jioni, hivyo maziwa ya jioni yalikesha kwenye beseni la maji ya kisima, na asubuhi yakipoteza ubichi kidogo tu yanaganda kwenye kipimo cha alkoholi na kurudishwa yote, hata zile lita za mgao.

Kuna jambo ambalo wanaoamua rufaa hizi walipaswa kulijua kuliko mtu yeyote. Ng'ombe aliyezaa hupanda kwa haraka na kufikia kilele cha maziwa kati ya wiki ya sita na ya nane, kisha huanza kushuka polepole. Ng'ombe wangu aliyezaa mwishoni mwa Machi alifikia kilele chake katikati ya Mei, wakati fomu yangu iko ndani ya boksi. Rufaa ya mgao wa maziwa ikichukua miezi miwili, hata mwombaji akishinda anapewa nafasi ya kuuza maziwa ambayo ng'ombe ameshaacha kuyatoa. Ndiyo maana kipimo changu cha kwanza cha huduma hii ni kalenda.

Kipimo cha pili ni namna inavyomtazama mtu ambaye rekodi yake ilikuwa ndogo kwa sababu nzuri. Wengi ofisini walilichukua ombi langu kama ombi la huruma, na nilisikia mtu akisema kwamba "kila mtu ana shida zake." Hili ni swali lililowahi kufika mahakamani, tena mahakama kubwa. Jumuiya ya Ulaya ilipoanzisha mgao wa maziwa mwezi Aprili 1984, mgao uliodumu mpaka tarehe 31 Machi 2015, kila mfugaji alipewa kiwango kulingana na alichopeleka katika mwaka wa kumbukumbu, na anayezidisha alitozwa ushuru mzito. Sasa kulikuwa na wafugaji ambao miaka michache kabla yake walikuwa wamekubali, kwa kulipwa fidia chini ya mpango wa Jumuiya hiyo hiyo, kuacha kuuza maziwa kwa miaka mitano ili kupunguza siagi na unga wa maziwa uliojaa maghalani. Miaka mitano ilipokwisha walirudi, wakaambiwa hawana mgao kwa kuwa katika mwaka wa kumbukumbu hawakupeleka hata lita moja. Mfugaji mmoja wa Uholanzi alikwenda mahakamani, na tarehe 28 Aprili 1988, katika hukumu inayojulikana kwa jina la Mulder, Mahakama ya Haki ya Jumuiya hiyo iliyoko Luxembourg iliamua kwamba mtu aliyeacha kuuza kwa kushawishiwa na mamlaka yenyewe ana haki ya kutarajia kwamba hataadhibiwa kwa sababu hiyo hiyo. Wakapewa asilimia 60 ya walichokuwa wakizalisha, na mwezi Desemba 1990 mahakama ikasema hata kuwawekea kikomo hicho si sawa. Mwaka 1992 ikaamua walipwe hasara.

Sisemi kwamba zizi langu la ng'ombe watatu ni sawa na mashamba ya Uholanzi. Nasema kanuni ni ile ile: ushirika ulinifundisha kukausha ng'ombe, nikatii, kisha ukanipimia mgao kwa miezi ambayo utii wangu ulikuwa umenipunguzia maziwa. Hilo ndilo nililoliandika katika rufaa ya pili, na safari hii sikulibana katika mistari mitatu.

Rufaa ya pili iliwezekana kwa sababu ya mkutano maalumu wa Jumamosi, tarehe 8 Juni, uliojaa kuliko mkutano mkuu wowote niliouona. Halmashauri ilikiri mbele ya wanachama kwamba duru ya kwanza iliamuliwa bila kanuni zilizoandikwa, ikafuta maamuzi yote ya duru hiyo na kuanza upya. Naisifu kwa kukiri. Viongozi wengi wangeweka vichwa chini na kusubiri mvua zipite, kisha kiangazi kimalize ubishi chenyewe.

Utaratibu mpya ulikuwa tofauti kabisa. Fomu ilikuwa na kurasa tatu, nayo ilitaja waziwazi sababu zinazokubalika: ng'ombe aliyekaushwa kwa ajili ya kuzaa, ugonjwa uliothibitishwa na daktari wa mifugo, msiba au kulazwa hospitalini, na mwanachama aliyeongeza ng'ombe kwa mkopo wa ushirika wenyewe. Niliipeleka Jumatatu, tarehe 10 Juni, na nikapewa kipande cha karatasi chenye mhuri, tarehe na namba ya jalada. Bado ninacho, kimekunjwa ndani ya kitabu changu cha maziwa.

Ijumaa ya wiki hiyo mtaalamu wa mifugo alifika kwangu saa kumi na moja alfajiri akiwa na mizani ya kuning'iniza. Nimezoea kukaguliwa na watu wanaosimama mlangoni, wakauliza maswali mawili, wakaondoka. Huyu aliingia zizini na viatu vyake vya mpira, akasimama kando wakati nikiosha viwele kwa maji ya vuguvugu na kuvikausha kwa kitambaa, akangoja nikamue ng'ombe wote watatu hadi mwisho, kisha akasema tuache povu litulie kwanza ndipo tupime. Asubuhi tulipata kilo 22.6. Alirudi jioni, akapima kilo 16.5. Alijumlisha mbele yangu, akaandika 39.1, akagawanya kwa 1.03 na kupata lita 38 kasoro kidogo, akanipa kalamu nitie sahihi.

Kugawanya huko kwa 1.03 kulinifumbua macho. Lita moja ya maziwa ina uzito wa kilo moja na gramu 30 hivi, na kituo chetu hupima kwa mizani, ila fomu ya duru ya kwanza iliuliza lita. Wanachama walionakili namba za stakabadhi walikuwa wameandika kilo wakidhani ni lita, na wale waliokuwa waangalifu wakabadilisha wakajikuta wameomba pungufu kuliko wenzao. Kwa mwenye lita 10 tofauti ni ndogo, lakini ukijumlisha maombi ya watu 140 ni lita nyingi zinazoelea hewani. Huko Kanada, ambako mgao wa maziwa ungalipo mpaka leo, mgao wa mfugaji hupimwa kwa kilo za mafuta ya maziwa kwa siku, na kila mtu anajua kipimo ni kipi. Fomu mpya ya ushirika wetu sasa inasema kilo tu. Ni marekebisho madogo, nayo yameondoa ugomvi mwingi.

Kikao chenyewe kilifanyika Jumanne, tarehe 18 Juni. Tulikuwa waombaji 22 siku hiyo, tukaketi kwenye mabenchi ya nje, tukaitwa mmoja mmoja. Ndani kulikuwa na kamati ya watu watano: wajumbe watatu wa halmashauri, mtaalamu wa mifugo, na mwanachama mmoja aliyechaguliwa kwenye mkutano wa tarehe 8 ambaye yeye mwenyewe hakuwa amekata rufaa. Mwenyekiti alinisalimu, akaniambia, "Karibu, mama, eleza kwa maneno yako, karatasi tumezisoma." Na kweli walikuwa wamezisoma, maana swali la kwanza lilihusu kadi ya uhimilishaji ya ng'ombe wa pili, ambayo tarehe yake ilifutika kidogo kwa maji. Niliulizwa pia kama nikiongezewa nitaacha kumuuzia mchuuzi kiangazi kikifika na bei yake ikapanda. Ni swali gumu, na nadhani ni swali la haki kuulizwa, kwa kuwa kuna wanaokumbuka ushirika wakati wa mafuriko ya maziwa tu. Niliwaonyesha stakabadhi za kiangazi kilichotangulia, nilipokuwa nikipeleka kila siku. Nilikaa ndani dakika kama kumi na mbili, na hakuna aliyenikata kauli.

Barua ilifika Ijumaa, tarehe 21 Juni. Ni barua nzuri kuliko zote nilizowahi kupokea kutoka ofisi ya aina yoyote, na ningependa vyama vingine viige. Ilisema kwamba kamati imekubali sababu yangu, kwamba nakisi yangu halali ni lita 18, kwamba nakisi zote zilizokubaliwa katika ushirika mzima ni lita 540 wakati akiba ni lita 300, na kwamba kwa hiyo kila aliyekubaliwa atapata sehemu tano kati ya tisa za nakisi yake. Tano kwa tisa ya 18 ni 10. Mgao wangu ukawa lita 21 kuanzia tarehe 1 Julai. Sikupata nilichoomba, ila niliweza kuifanya hesabu ile mwenyewe mezani na kuona kwamba jirani yangu aliyekubaliwa lita 9 amepata 5 kwa kipimo kile kile. Siku hiyo nililala bila kinyongo, ingawa tangu Mei mosi hadi mwisho wa Juni, siku 61, nilikuwa nimepoteza zaidi ya shilingi 18,000.

Hata hivyo duru hiyo ya pili iliumiza watu ambao hawakukosea. Mwanachama mmoja wa upande wetu alipewa lita 8 za ziada mwezi Mei, akazitegemea, akachukua chakula cha ng'ombe kwa mkopo kwenye duka la dawa za mifugo, na wiki moja baadaye maamuzi yote yakafutwa. Katika duru mpya hakukubaliwa. Mimi nilinufaika na kufutwa kule, kwa hiyo nazungumza kwa uangalifu, lakini siwezi kusema kwamba alitendewa vyema. Mwaka 1990 suala linalofanana na hili lilifika Bunge la Malodi la Uingereza, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa. Baraza la rufaa za mgao wa maziwa lilikuwa limewapunja wafugaji fulani kwa kuielewa vibaya kanuni, na mahakama ilikubali kwamba kulikuwa na kosa, lakini wafugaji wale walikuwa wamekwenda mahakamani zaidi ya miaka miwili baada ya uamuzi. Malodi walikataa kuufungua upya, kwa sababu mgao ni kitu chenye mpaka, ukimwongezea mmoja lazima utoke mahali, na kufungua jalada moja la zamani kungewaalika wengine wengi na kuvuruga waliokwisha kupanga maisha yao kwa walichopewa.

Wiki moja si miaka miwili, na kwetu nadhani kufungua upya kulikuwa sahihi. Ila ushirika ungeweza kumwachia yule bwana na wenzake muda, hata wa mwezi mmoja tu, wa kushuka taratibu. Na ungeweza kuweka tarehe ya mwisho ya kukata rufaa inayojulikana na wote. Mpaka sasa fomu haina tarehe hiyo. Mtu anaweza kuleta ombi wakati akiba imekwisha kugawiwa, akapokewa, akapewa mhuri, akajiona yuko kwenye mstari, kumbe hakuna kilichobaki.

Kasoro kubwa zaidi, na ndiyo iliyonizuia kutoa nyota ya nne, ni habari ya majina. Mgao umeandikwa kwa jina la mwenye hisa, na hisa nyingi ziko kwa jina la baba wa nyumba. Jirani yangu mwingine ni mjane. Yeye ndiye amekuwa akikamua, akikata majani, akibeba mkebe hadi kituoni kwa zaidi ya miaka kumi, na karani anamjua kwa sura, lakini namba ya uanachama ni ya marehemu mumewe, na shauri la mirathi bado liko kortini. Alipopeleka rufaa aliambiwa kwamba mwombaji si mwanachama. Malipo yake ya kila mwezi yanaendelea kupokewa, makato ya ushirika yanaendelea kukatwa kutoka kwenye maziwa yake, lakini sauti yake haipokewi. Mahakama ya Luxembourg iliwahi kukutana na jambo la jamaa hii mwaka 1989, katika shauri la mpangaji wa shamba nchini Ujerumani aliyejenga kazi ya maziwa kwa mikono yake na upangaji ukaisha. Mahakama ilisema kwamba kanuni ya kumnyima mtu matunda ya kazi yake bila fidia yoyote haiwezi kupatana na haki za msingi. Kamati yetu haihitaji kwenda Luxembourg. Inahitaji kipengele kimoja tu katika fomu: mtu anayepeleka maziwa kwa namba ya marehemu, akiwa na barua ya chifu na uthibitisho wa karani wa kituo, asikilizwe kwa muda wakati mirathi inaendelea.

Wazee wa hapa wananiambia kwamba hakuna jipya. Kampuni ya maziwa ya KCC (Kenya Co-operative Creameries), iliyoanzishwa na walowezi mwaka 1925, kwa miaka mingi ilinunua maziwa kwa mfumo wa mikataba na mgao, na mwenye mgao alipata bei bora kuliko asiyekuwa nao. Baada ya uhuru, katikati ya miaka ya 1960, tume iliyoongozwa na Mwai Kibaki ilipendekeza mfumo huo uondolewe ili wafugaji wadogo nao wapate nafasi, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ukaondolewa. Mzee mmoja aliniambia kwamba enzi hizo hukujua mwenzako ana mgao kiasi gani, ulijua tu kwamba lori lilisimama kwenye lango lake na halikusimama kwenye lako. Nililikumbuka neno hilo nilipoomba orodha ya mgao na nyongeza ibandikwe kwenye ubao wa kituo. Ofisi ilijibu kwamba hizo ni siri za wanachama. Siafiki. Lita za ziada zinatoka kwenye akiba yetu sote, na yule bwana aliyepewa lita 8 na kutazamwa vibaya mwezi Mei angesalimika kama kila mtu angeona alichopewa na sababu yake.

Mwaka 2025 mgao ulirudi wakati wa masika, kwa muda mfupi zaidi, na nikaitumia huduma kwa mara ya tatu. Safari hii halmashauri ilikuwa imebadilisha kipindi cha kumbukumbu kutoka miezi miwili hadi 12, na mabadiliko hayo peke yake yaliondoa sababu ya rufaa kwa watu wengi, mimi nikiwemo, kwa sababu katika mwaka mzima kila ng'ombe hupata zamu yake ya kukauka na zamu yake ya kujaa. Niliomba lita 4 tu kwa ajili ya mtamba aliyezaa kwa mara ya kwanza, nikajibiwa ndani ya siku 9, nikapewa 3. Barua ilikuwa na sababu kama ile ya mwanzo. Haikutaja, hata hivyo, kwamba asiyeridhika anaweza kupeleka mgogoro wake kwenye Mahakama ya Vyama vya Ushirika, iliyowekwa na sheria ya ushirika ya Kenya kwa ajili ya migogoro kati ya chama na wanachama wake. Mstari mmoja chini ya barua ungetosha.

Kwa mwanachama anayefikiria kuitumia huduma hii, nashauri aende Jumatatu au Jumatano kabla ya saa nne, dirisha likiwa halina watu wengi, akiwa na stakabadhi za miezi 12 zilizopangwa kwa tarehe, kadi za uhimilishaji zisizolowa maji, na barua ya daktari wa mifugo kama sababu ni ugonjwa. Aandike kilo. Aombe karatasi yenye mhuri kabla ya kuondoka dirishani, na asikubali kuambiwa arudi kesho kuichukua. Siku ya ukaguzi asimwongezee ng'ombe chakula ili kupandisha kipimo, kwa sababu mtaalamu hulinganisha na rekodi za kituo na huona.

Jirani yangu mjane aliandika tena mwezi uliopita, nami nilimsaidia kujaza fomu. Safari hii karani aliipokea, akaigonga mhuri, na mahali pa namba ya uanachama akaandika kwa kalamu "anayepeleka maziwa." Kamati inakutana Jumanne ijayo.